Kilo za Eliufoo

Jumatatu, 25 Februari 2002

Daftari hili si langu. Nimepewa hospitalini na nesi Pamela niandike kilo za mume wangu kila asubuhi. Kilo ni mstari mmoja na ukurasa ni mrefu, kwa hiyo nitaandika na mengine. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja na karatasi tupu hunikera.

Kilo 71.

Tumemrudisha Eliufoo nyumbani baada ya siku kumi na mbili wodini. Moyo umetanuka. Amepewa vidonge vya moyo, vidonge vya kukojoa, na mizani ya plastiki ya kusimama juu yake, kwa sababu ameingizwa kwenye utafiti wa Daktari Wenseslaus. Masharti ni haya. Asile chumvi, hata punje. Asinywe zaidi ya lita moja na nusu kwa siku, chai na supu zikiwemo. Apimwe kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kutia kitu kinywani. Kilo zikipanda haraka ni maji, si unono.

Eliufoo alikuwa karani wa mizani pale chama cha msingi cha ushirika. Amepima kahawa ya Machame miaka ishirini na sita, mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na mizani zao na chama kikafungwa. Leo ameitazama ile ya plastiki kwa dharau.

"Hii imepigwa muhuri na nani?"

"Simama wima, Baba Calvin."

"Nauliza muhuri."

Nikaandika 71.

Jumanne, 26 Februari

71. Amelala kwa mito mitatu.

Jumatano, 27 Februari

71. Kopo la chumvi nimelipeleka kwa wifi Esther, dada yake mkubwa, nyumba ya chini ya mfereji. Nimemwambia alitunze mpaka nitakapolihitaji. Akasema, "Basi na wewe utakula chakula cha wafungwa?" Nitakula. Siwezi kula chenye ladha mbele ya mtu anayekatazwa.

Jumamosi, 2 Machi

71.5. Salvina amefika, mke wa mwanetu Calvin. Calvin anauza viatu vya mitumba Pasua, Moshi mjini, na hawezi kuacha meza yake, ndiyo maana akamtuma mkewe anisaidie ng'ombe na maji. Ni Mkatoliki wa Kibosho. Sifichi kwamba nilitaka mkwe wa hapa hapa Machame, anayejua nyimbo zetu. Wazee wetu na wa kwao walichomeana nyumba enzi za Wamangi, machifu wa zamani. Mimi ni mtu niliyesoma, siyasemi hayo, ila nayaandika.

Anakata majani haraka. Hilo nalikubali.

Jumatatu, 4 Machi

72. Kupika bila chumvi ni adhabu ya mpishi. Jana mtori umerudi jikoni kama ulivyokwenda. Leo nimepika kiburu, yaani ndizi na maharage, nikayachuja magadi yangu vizuri nikayazidisha kidogo kuliko siku zote ili kiwe na utamu. Amemaliza sahani. Nimefurahi hadi nikaona haya.

Jioni tumbo lilimjaa. Nikampa nusu kikombe cha maji ya magadi kama mama yangu alivyokuwa akitupa sisi. Akacheua, akalala.

Jumatano, 6 Machi

72.

Jumamosi, 9 Machi

73. Nimemfokea Salvina kwa jambo la jikoni. Halikuwa kubwa.

Jumatatu, 11 Machi

73. Kliniki. Tumeshuka Moshi na gari la usharika.

Daktari Wenseslaus ni kijana wa Rombo mwenye miwani, anaongea polepole kama anayeogopa kuamsha mtu. Baada ya kuchukua damu alinigeukia.

"Mwalimu, moyo ni nini?"

"Pampu ya damu," nikasema.

"Ndivyo tulivyofundishwa wote. Lakini pampu hii ina sauti." Akachora kwenye karatasi moyo na figo mbili. Chumvi, alisema, hushika maji. Mtu akila chumvi nyingi, maji yanabaki mwilini, damu inaongezeka, na kuta za moyo zinavutika. Moyo ukivutika unamwaga homoni kwenye damu, na homoni hiyo inakwenda kwenye figo kuziambia zitoe chumvi, zitoe maji. Mzima akila vya chumvi leo, homoni inapanda kidogo, anakojoa, kesho yamekwisha. Akipungukiwa chumvi na maji, homoni inashuka, figo zinabana. "Kwa Mzee moyo unaita usiku na mchana. Figo zimechoka kusikia. Kwa hiyo nikiona homoni iko juu, najua moyo umejaa, hata kama yeye anasema hajambo."

"Kama kengele inayogongwa mpaka watoto wanaizoea," nikasema.

Akacheka. "Hiyo nitaiiba, Mwalimu."

Mtu mwenye afya, kipimo chake hakifiki mia. Eliufoo siku alipolazwa alikuwa na 640, siku alipotoka 380. Leo 520.

"Anakula chumvi?"

"Nyumbani kwangu? Daktari, hakuna chumvi hata ya kumtupia konokono."

Akaandika kitu. Tumepewa dumu la lita tano. Siku moja kabla ya kliniki ijayo akojoe humo saa ishirini na nne bila kumwaga hata tone, wapime chumvi inayotoka. Inayotoka, alisema, huonyesha inayoingia. Eliufoo amependezwa sana. Njiani alisema hiyo ndiyo mizani ya kweli, kwa sababu mkulima anaweza kukudanganya kwenye gunia lakini si kwenye ghala.

Jumatano, 13 Machi

73.5.

Jumatatu, 18 Machi

75. Mvua imeanza jana alasiri na haijanyamaza. Nimembonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki pale mpaka nikahesabu ishirini. Sasa analala kwa mito minne, yaani amekaa. Tumbo limekaza. Maji ya magadi asubuhi na jioni.

Jumanne, 19 Machi

75. Mvua.

Ijumaa, 22 Machi

75.5. Mvua. Nimemsikia akicheka na Salvina chumbani. Nilipoingia wakanyamaza. Sijapenda.

Jumatatu, 25 Machi

76. Kliniki. Nimebeba dumu la mkojo kwenye kikapu nikalifunika kanga. Wifi Esther alinikuta barabarani akaniuliza nampelekea nani pombe ya mbege. Nikacheka, na ndicho kicheko cha mwisho cha leo.

Daktari alisoma karatasi mara mbili. Mkojo wa Eliufoo una chumvi ya mtu anayekula kuliko mimi na wewe, alisema. Homoni 790. Akaongeza vidonge.

"Mama, sikulaumu. Lakini kuna chumvi inaingia."

Nimefedheheka. Mimi, niliyekuwa nikipita madawati nikanusa nani kaandika jibu la mwenzake, naambiwa mbele ya nesi kwamba nyumbani kwangu kuna wizi na siuoni.

Mimi sikumpa. Mwenyewe hawezi kutembea mpaka dukani. Nyumbani tuko watatu.

Jumanne, 26 Machi

76.

Salvina alipokwenda kukata majani nimeingia chumbani kwake. Sikuona aibu wakati ule. Chini ya godoro, kwenye karatasi ya gazeti iliyosokotwa, chumvi. Kama vijiko vinne.

Nilimsubiri mlangoni. Aliweka mzigo chini, maji yanamtiririka usoni. Nikanyosha kiganja.

"Hii ni nini?"

"Chumvi, Mama."

"Ya nani?"

"Yangu. Ndizi tupu zinanishinda kumeza, Mama, nisamehe. Natia kwenye sahani yangu nikiwa nje."

"Na Baba unamtilia kiasi gani?"

Alinitazama kama niliyemsemesha Kijerumani. "Baba? Haki ya Mungu, Mama, sijampa hata siku moja."

"Unamchekesha, anakuomba, unamhurumia, unampa. Huruma yenu ndiyo itakayomzika."

Eliufoo aliita kutoka chumbani, pumzi inakatika. "Elinipendo! Mwache mtoto wa watu. Hajanipa kitu!"

Nikaona ndiyo ushahidi wenyewe. Kwa nini amtetee kama hakupewa? Nikamwambia afungashe. Hakubishana. Alivaa gauni kavu, akaenda kupiga goti mbele ya Eliufoo, akasema, "Baba, ugua pole," akaondoka na mfuko wake juu ya kichwa kwa ajili ya mvua. Yale majani aliyaacha pale pale mlangoni, na ilibidi nimpelekee ng'ombe mwenyewe.

Jumatano, 27 Machi

76. Eliufoo hasemi na mimi.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

77. Baada ya ibada kina mama wa umoja waliniuliza mbona mkwe haonekani. Nikawaambia. Sikuishia hapo, niliwaeleza na godoro na gazeti. Wifi Esther alipiga makofi ya mshangao. "Kikulacho ki nguoni mwako! Si nilisema? Mkibosho!" Kufika jioni habari ilikuwa imeshavuka mito miwili.

Kusema kweli nilijisikia nimepona. Nina jibu la kumpelekea daktari.

Alhamisi, 4 Aprili

78. Mvua. Mgomba mmoja umeanguka na mkungu wake.

Jumapili, 7 Aprili

78. Maji ya magadi mara tatu kwa siku, tumbo ni kama ngoma. Ndiyo yanayompa nafuu kidogo. Anakunywa akiniangalia, bado haongei sana.

Jumatano, 10 Aprili

79. Amesema, "Salvina yuko wapi?" Nikamwambia yuko kwa mumewe, ndipo mahali pa mke. Akasema, "Mizani ikikataa kushuka baada ya kumtoa mtu juu yake, karani mwenye akili anatazama kwingine." Nikatoka nje.

Jumapili, 14 Aprili

79.5. Dumu la mkojo limejaa chini ya nusu.

Jumatatu, 15 Aprili

80. Kliniki. Nimeandika hii saa kumi na mbili jioni.

Nilikwenda nimeinua kichwa. Nilimwambia daktari kabla hajasoma chochote kwamba mwizi ameshapatikana na ameshaondoka, wiki tatu sasa. Akatabasamu. Halafu akaifungua karatasi. Homoni 1,120. Chumvi ya mkojo imezidi ile ya mwezi uliopita.

"Nani anapika, Mwalimu?"

"Mimi. Peke yangu."

Alimwita nesi Pamela, akatuacha naye. Pamela ni mtu wa Marangu, mnene, mpole, wa rika la binti yangu kama ningekuwa naye. Akakaa kwenye kiti, akasema, "Mama, hebu nipikie. Mimi mgeni, sijui kitu. Asubuhi unaanza na nini?"

Nikampikia kwa maneno. Chai bila chumvi, mkate hapana, uji wa ulezi. Mchana kiburu. Namenya ndizi, nachemsha maharage, nachukua magadi kiasi hiki, nayaloweka, nayachuja...

"Kiasi gani, Mama?"

Nikamwonyesha kwa ngumi.

"Kila siku?"

"Kila siku. Bila hivyo hali. Na ya tumbo namtengenezea kikombe."

"Kikombe cha nini?"

"Maji ya magadi."

Pamela akaweka kalamu chini. Hakupandisha sauti. "Mama, kilichomo kwenye chumvi kinachoshika maji kinaitwa sodiamu. Magadi ni sodiamu. Yamejaa hiyo hiyo."

"Magadi si chumvi," nikamwambia. "Chumvi ni chumvi."

"Najua, Mama. Hata kwetu hatuyaiti chumvi. Ni kosa letu, tungeuliza."

Eliufoo alikuwa pale pale kwenye kitanda cha magurudumu na amesikia kila neno. Hakunitazama. Alitazama dirisha.

Kila kikombe nilichompa kwa ajili ya tumbo kilimjaza tumbo, na tumbo lilipojaa nikampa kingine.

Kuna jambo sikuliandika tarehe tisa Machi, nimefunua kurasa za nyuma sasa hivi nikaona nilivyolipita. Salvina alisimama nyuma yangu nikichuja, akauliza, "Mama, haya magadi nayo hayana chumvi ndani? Ukiyalamba yana ukali ule ule." Nikamwambia kwamba siku Kibosho watakapokuja kutufundisha kupika kiburu, siku hiyo nitakuwa nimekufa. Hicho ndicho nilichokiita jambo la jikoni lisilo kubwa.

Jumanne, 16 Aprili

Wamemlaza kwa siku tatu. Magadi yote nimeyatupa chooni. Nimekaa jikoni nikalia mpaka ng'ombe akanijibu.

Ijumaa, 19 Aprili

76. Amerudi nyumbani. Ndani ya siku tatu ametoa kilo nne za maji. Amekula ndizi na kitunguu na ndimu, akakunja uso, akamaliza.

Nilimwambia, "Baba Calvin, ni mimi."

"Nilisikia."

"Nilifikiri..."

"Nilisikia, Elinipendo. Nimeshapima makosa ya watu wengi. Kamlete mtoto."

Jumamosi, 20 Aprili

75.5. Sijakwenda. Mvua kubwa, na barabara imekatika darajani. Hiyo ni kweli, lakini watu wanavuka kwa miguu.

Jumapili, 21 Aprili

75. Sijakwenda. Kanisani nimekaa nyuma. Wifi Esther alinishika mkono akasema unaona, tangu yule aondoke kaka anapona. Ningeweza kumjibu pale pale, watu wanane walikuwa wanasikiliza, nikamezea.

Eliufoo ameuliza tena.

Jumatatu, 22 Aprili

75. Nimekwenda.

Asubuhi nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu cha migomba, nikalifunga fundo. Hapa kwetu ukimkosea mtu ukampelekea isale, hawezi kukataa kukusamehe, labda awe na moyo wa jiwe. Lakini isale hupelekwa na mtoto kwa mzazi, mke kwa mume, mdogo kwa mkubwa. Sijawahi kusikia mama mkwe amempelekea mkwe. Nimelificha ndani ya kanga njia nzima mpaka Pasua.

Wanakaa chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Salvina alikuwa anafua. Aliponiona alisimama, mapovu mikononi. "Shikamoo, Mama."

Nikalitoa lile jani nikalinyosha kwa mikono miwili.

Akarudi nyuma. "Mama, hapana. Usinifanyie hivyo, nitapata laana."

"Lichukue. Ni magadi. Ulisema na nikakutukana. Lichukue, mwanangu, magoti yangu hayatashuka mara mbili."

Wapangaji wote walikuwa wametoka milangoni. Salvina alifuta mikono kwenye gauni, akalipokea, akanishika kiwiko nisipige goti kwenye matope. Alilia yeye, mimi sikulia tena. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Baba anajua kwamba si mimi?"

"Alijua tangu siku ya kwanza."

"Na wengine kule juu?"

Nikasema nitawaambia.

Jumanne, 23 Aprili

74.5. Salvina amerudi. Eliufoo amemwambia, "Karibu, karani," naye akacheka. Kumbe ndicho kilichokuwa kinawachekesha siku ile. Alikuwa anamfundisha kusoma mizani ya kahawa kwa mazoezi, kwa kijiti na kamba.

Jumamosi, 27 Aprili

74. Mguu ukibonyezwa unarudi nikifika tano.

Jumatatu, 29 Aprili

74. Kliniki. Darajani vijana walimvusha mgongoni, gari likatupokea ng'ambo. Homoni 860. Nilishangilia peke yangu. Daktari alisema imeshuka, ni kweli, lakini kwa kilo hizi alitarajia ishuke zaidi. Moyo uliovutwa kwa miezi miwili haurudi wote. Akasema kwa ile sauti yake ya kutoamsha mtu, "Maji tumeyatoa, Mwalimu. Moyo wenyewe ndio bado unaita."

Jumatano, 1 Mei

74. Amekohoa. Baridi imeingia na mvua.

Ijumaa, 3 Mei

74. Homa. Tumetafuta gari, daraja bado. Salvina na vijana wa jirani wamembeba kwa machela mpaka ng'ambo.

Jumatatu, 6 Mei

Asubuhi hii nilifungua daftari kwa mazoea na sina cha kuandika kwenye mstari wa kilo.

Amefariki jana saa tano, wodini. Mapafu, wamesema, na moyo haukuwa na nguvu ya kuyasaidia. Salvina alikuwa ameshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa Jumamosi, aliniambia nikafungue madirisha, hapa pananuka dawa. Natamani lingekuwa neno jingine.

Nilimuuliza daktari kama ningeacha magadi tangu mwanzo. Akasema hakuna anayejua, pengine miaka miwili zaidi, pengine mitatu. Nilitaka anidanganye na hakunidanganya. Namheshimu na siwezi kumtazama.

Ijumaa, 10 Mei

Tumemzika kihambani, juu ya mfereji. Mvua ilitupisha kwa saa mbili.

Kina mama walikuwa wamepika tangu alfajiri, na nyuma ya nyumba niliwaona wakimimina magadi kwenye maharage. Niliwaona pia wakichukua sahani zao na kuhama pale Salvina alipokaa. Mmoja alimwuliza kwa sauti, "Na chumvi hujatuletea?" Salvina aliinama akaendelea kuosha masufuria. Nimeona hayo kwa macho yangu na ni mimi niliyeyapika.

Calvin alisoma wasifu. Familia ilipoitwa kutoa shukrani, nikasimama mwenyewe. Mchungaji alidhani nimezidiwa akataka kunikalisha. Nikachukua kipaza sauti.

Nilisema: "Niliwaambia kwamba mkwe wangu alimpa mume wangu chumvi. Si kweli. Hakumpa. Aliyempa ni mimi, kila siku, kwenye kiburu na kwenye kikombe. Magadi ni chumvi. Hospitali wamepima. Ni mimi."

Kisha nyuma mwanamume akaguna, akasema, "Magadi? Tumekula magadi tangu kwa bibi zetu," na wengine wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba. Wifi Esther akaja akanikumbatia, akakichukua kipaza sauti mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mmemsikia mama huyu," akasema, analia kweli. "Pamoja na uchungu wote huu bado anamfunika mkwe wake. Ndio Ukristo. Na huyo aliyefunikwa, Mungu amguse."

Wakasema amina. Kwaya ikaanza. Niliwatazama watu mia tatu wakinipenda kwa ajili ya uongo, na sikuwa na sauti ya kuishinda kwaya.

Salvina alininong'oneza, "Inatosha, Mama. Umesema." Haikutosha.

Jumapili, 19 Mei

Salvina anashuka Pasua kesho. Sijamzuia. Dukani wamemwambia chumvi imekwisha huku mifuko inaonekana rafuni.

Leo mchana nimekwenda kwa wifi Esther peke yangu, na daftari hili mkononi. Hakuna watu, hakuna kipaza sauti, yeye na mimi na chai. Nikamfungulia. Nikamwonyesha kilo, tarehe kwa tarehe. Siku Salvina alipofika, siku alipoondoka. Nikamwonyesha jinsi zilivyopanda wiki tatu ambazo hakuwepo, na jinsi zilivyoanguka siku tatu baada ya kuacha magadi, naye bado yuko Pasua. Esther alisoma shule ya misheni. Dada wa karani wa mizani anajua kusoma tarakimu. Alipitisha kidole kwenye mistari polepole, akarudia.

Akavua miwani.

"Basi ni kweli ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Nilidhani atanipiga. Nilitaka anipige.

"Elinipendo," akasema, "nimekuelewa. Lakini mimi siwezi kuwaambia watu kwamba kaka yangu aliuawa na mke wake wa ndoa ya kanisani, kwa chakula cha nyumbani. Tutakaa wapi? Yule ni mtu wa kuja. Ana kwao. Acha ibaki kwake."

Akanimiminia chai nyingine.

Tangu mazishi nimetafuta mtu wa kuniamini na aliyeniamini ndiye huyo. Ndivyo nilivyowaza mimi pia, tarehe 25 Machi, bila kuyasema yote. Nyumbani tuko watatu, na mmoja ni wa kuja.

Sikuinywa ile chai. Nikafunga daftari, nikapandisha njia ya mfereji hadi kwa mzee wa kanisa. Salvina alikuwa getini kwetu, akaniona napita, akaniita nije kula. Nikamwambia narudi, kuna nyumba nyingi za kuonyesha daftari hili na giza halijaingia.

Nikabisha hodi.